NENO "SABOTAGE": KUTOKA MTALAWANDA HADI MAHAKAMANI

Utangulizi

Katika mapambano ya kitabaka lugha nayo ni uwanja wa mapambano. Tabaka linaloshika mali hushika pia majina ya mambo: tendo lake hulipa jina la heshima, na tendo la mnyonge hulipa jina la kosa. Ndiyo maana kada anayetaka kuielewa historia hawezi kuyapita maneno kama anavyopita mawe ya njiani. Hana budi kuyageuza, aone chini yake kuna nini.

Katika makala hii tunalichunguza neno moja, nalo ni "sabotage". Ni neno la Kifaransa ambalo Waingereza waliliazima mnamo mwaka 1910, na sasa limeenea katika lugha nyingi za dunia. Sisi katika Kiswahili tunalitafsiri kwa neno "hujuma". Mtu akilisikia leo hufikiria daraja lililolipuliwa, mtambo ulioharibiwa usiku, au mlanguzi aliyeficha bidhaa ghalani. Lakini waliolipa neno hili maana ya kisiasa walikuwa wafanyakazi wenyewe, tena walilitamka mchana kweupe, katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1897, kama jina la silaha yao halali dhidi ya mwajiri. Miaka 21 baadaye neno hilohilo lilikuwa limeandikwa katika sheria za Marekani kama jina la kosa la jinai.

Maswali yetu basi ni mawili. Neno hili lilihama vipi kutoka mikononi mwa mfanyakazi hadi mikononi mwa hakimu? Na sisi tunapolitumia, tunamwita nani mhujumu?

Kiatu cha mkulima

Mzizi wa neno ni "sabot", kiatu kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, kilichovaliwa na wakulima na wafanyakazi wa Ufaransa kwa karne nyingi. Watu wa pwani yetu wanaijua mitalawanda. Sabot ni ndugu wa mtalawanda, ila yenyewe hufunika mguu, maana ilitengenezwa kwa ajili ya matope na baridi. Mwenye mali alivaa ngozi. Mkulima alivaa mti. Wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha jina la kiatu hicho na neno "savate", yaani kiatu kikuukuu, ambalo ni la ukoo mmoja na "sapato" la Kireno. Na hilo "sapato" la Wareno ndilo lililotuachia sisi neno "sapatu". Kwa hiyo ukoo wa neno hili ulikwisha kupiga hodi pwani yetu zamani, kabla ya siasa zake kutufikia.

Kutokana na sabot kikazaliwa kitenzi "saboter". Maana zake za kwanza hazikuwa na uadui wowote. Kitenzi hicho kilimaanisha kutembea kwa kishindo cha viatu vya mti, kisha kikamaanisha kufanya kazi ovyo, kwa pupa na bila ustadi. Mafundi wa reli nao walikuwa na "sabotage" yao, iliyokuwa kazi halali kabisa ya kuyachonga mataruma ili reli zikae sawasawa juu yake.

Hapa inafaa tuondoe hadithi moja inayosimuliwa sana, kwamba wafanyakazi wenye hasira walivua sabot zao wakazitupa ndani ya mashine za kiwandani, na kwamba ndipo neno lilipotoka. Hadithi hii inapendeza, lakini hakuna ushahidi wa kihistoria unaoitegemeza. Ni kweli kwamba mashine zilivunjwa. Mwaka 1811 na 1812 mafundi wa kufuma soksi wa Nottingham, Uingereza, walivunja mitambo iliyokuwa ikiwapunguzia ujira, na mwaka 1812 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Lakini hapana aliyekiita kitendo hicho "sabotage". Maana iliyoingia katika siasa haikutoka katika kiatu kilichotupwa. Ilitoka katika kazi iliyofanywa vibaya.

Kutoka Glasgow hadi Toulouse

Tuangalie sasa jinsi kazi mbaya ilivyogeuka kuwa silaha. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow, Scotland, waligoma wakidai nyongeza ya ujira. Waajiri wakaleta vibarua kutoka mashambani, na mgomo ukavunjika. Katibu wa chama cha makuli akawashauri wenzake warudi kazini kwa ujira uleule wa zamani, lakini kwa sharti moja: wafanye kazi kama walivyofanya wale vibarua. Waajiri walikuwa wamewasifu sana vibarua hao. Makuli nao walikuwa wamewaona kwa macho yao wakiyumba juu ya meli, wakidondosha mizigo, na watu wawili wakishindwa kutimiza kazi ya mtu mmoja. Basi ikiwa kazi ya namna hiyo ndiyo inayowaridhisha waajiri, wapewe hiyo hiyo. Haikupita muda mrefu waajiri wakamwita katibu na kumwomba awaambie watu wake wafanye kazi kama zamani, na ile nyongeza iliyokataliwa wakati wa mgomo ikatolewa.

Waskoti wana msemo wao wa jambo hili, "ca' canny", wenye maana ya kwenda taratibu. Wafanyakazi wetu wanaliita mgomo baridi.

Habari za Glasgow zilimfikia Mfaransa mmoja, Émile Pouget, mwandishi wa magazeti ya wafanyakazi, ambaye aliwahi kukimbilia London alipokuwa akiandamwa na serikali ya nchi yake. Septemba 1897 Shirikisho Kuu la Kazi la Ufaransa, lililoundwa mwaka 1895, lilifanya mkutano wake mjini Toulouse. Huko ikawasilishwa taarifa juu ya silaha mbili za wafanyakazi, na Pouget alikuwa ndiye msukumo wake mkubwa. Silaha ya kwanza ilikuwa kususia bidhaa za mwajiri mkorofi, jambo ambalo Wafaransa waliliita kwa neno la Kiingereza lililotokana na Charles Boycott, wakala wa ardhi aliyesusiwa na wakulima wa Ireland mwaka 1880. Silaha ya pili ilikuwa ile ya Glasgow, nayo ikapewa jina la Kifaransa, "sabotage". Mkutano ukaikubali taarifa. Hivyo basi mataifa haya mawili yalibadilishana: Kiingereza kilitoa jina la kususia, na baadaye kikapokea jina la kazi mbovu.

Hoja ya Pouget ilikuwa nyepesi, nayo ilisimama juu ya msingi wa uchumi. Chini ya ubepari nguvu ya kazi ni bidhaa inayouzwa sokoni. Ukienda dukani na fedha kidogo, mwenye duka hakupi kitambaa cha daraja la kwanza. Hukupa kinacholingana na fedha yako. Mfanyakazi naye afanye vivyo hivyo: malipo mabaya yapate kazi mbaya.

Njia za kuitekeleza hoja hii zilikuwa nyingi, na mbili zinastahili kukumbukwa. Ya kwanza ni kutii kanuni zote bila kuacha hata moja. Mwaka 1905 wafanyakazi wa reli wa Italia walizifuata taratibu za kazi neno kwa neno, kila tiketi na kila behewa likikaguliwa kama kitabu kilivyosema, na usafiri ukavurugika bila mtu kuvunja kitu chochote. Ya pili iliitwa ya mdomo wazi. Mpishi au mwuzaji humweleza mnunuzi ukweli mtupu juu ya kile anachouziwa: nyama hii ni ya juzi, maziwa haya yametiwa maji. Hapo hapana chombo kilichoharibika. Kinachoharibika ni faida iliyojengwa juu ya uongo.

Neno lavuka bahari

Oktoba 1910 wafanyakazi wa reli wa Ufaransa waligoma. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Aristide Briand, mtu ambaye katika ujana wake wa kisiasa alihubiri mgomo mkuu wa wafanyakazi wote. Sasa akiwa madarakani aliwaita wagomaji katika jeshi kwa amri, ili yeyote atakayeendelea kugoma ahesabiwe askari aliyekaidi. Mgomo ukavunjwa. Katika pambano hilo nyaya za mawasiliano zilikatwa mahali mbalimbali, na magazeti ya Uingereza yaliyokuwa yakitoa habari hizo yakalichukua neno la Kifaransa kama lilivyo.

Tuone vizuri neno lilivyofika. Huko Toulouse lilikuwa limekusanya mambo yote: kwenda taratibu, kutii kanuni kupita kiasi, kusema ukweli, na pia kukwamisha mashine. Lilipopokewa London lilikuja kupitia habari za nyaya zilizokatwa, na maana ya uharibifu ndiyo iliyobaki juu. Ile hoja ya ujira haikuvuka bahari pamoja nalo. Neno la mfanyakazi likaingia katika Kiingereza kwa tafsiri ya mwajiri.

Upande wa Marekani wafanyakazi wa chama cha IWW, kilichoundwa mjini Chicago mwaka 1905, walijaribu kuishika maana ya asili. Walichora kiatu cha mti na paka mweusi katika vibandiko vyao, na wakaieleza sabotage kuwa ni kuondoa ufanisi kazini kwa makusudi, si kumdhuru mtu. Walishindwa. Kufikia mwaka 1917 majimbo kama Idaho yalikuwa yakitunga sheria za kumfunga mtu kwa kuihubiri tu sabotage. Mwaka 1918, katika joto la Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani ikapitisha Sheria ya Sabotage, na mwaka huohuo wanachama wapatao 100 wa IWW wakahukumiwa mjini Chicago katika kesi moja ya kupinga vita.

Nani hasa mhujumu?

Lakini tangu mwanzo kulikuwa na swali ambalo mwajiri hakupenda liulizwe. Pouget, katika kijitabu chake kiitwacho Le Sabotage, aligeuza mashitaka. Kama kuharibu kwa makusudi ni kosa, alisema, basi tuanze na mfanyabiashara anayetia maji katika maziwa, mwenye kinu anayechanganya unga, na mkandarasi anayejenga kwa vifaa hafifu. Mfanyakazi akipunguza kazi humgusa mwajiri mfukoni. Mfanyabiashara akichakachua chakula humgusa mtoto wa watu tumboni. Yule wa kwanza anaitwa mhalifu, huyu wa pili anaitwa mjuzi wa biashara.

Mwaka 1919 mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen alilichukua swali hilo na kulipeleka mbali zaidi. Alilikubali lile elezo la IWW kwamba sabotage ni kuondoa ufanisi kwa makusudi. Kisha akauliza: ni nani anayefanya hivyo kila siku, kwa kiwango kikubwa kuliko wote? Jibu lake lilikuwa kwamba ni wenye viwanda. Mwenye kiwanda huzima mitambo iliyo mizima, huku watu wakihitaji bidhaa, ili bei isishuke. Kwa Veblen jambo hilo halikuwa ajali wala tabia mbaya ya mtu mmoja, bali utaratibu wa kawaida wa biashara inayotafuta faida.

Hapa ndipo ulipo uzito wa historia ya neno hili. Tendo ni moja, yaani kuzuia kwa makusudi kile ambacho kingeweza kuzalishwa au kupatikana. Jina lake hutegemea ni nani anayezuia na ni nani mwenye mamlaka ya kutoa majina.

Dola nayo yalitwaa neno

Hata wafanyakazi waliposhika dola neno halikupoa. Desemba 1917, wiki chache baada ya Mapinduzi ya Oktoba, serikali ya Wasovieti iliunda tume maalumu ya kupambana na wapinga mapinduzi na wafanyao sabotage. Chanzo kilikuwa cha kweli: maofisa wa wizara na benki za utawala ulioangushwa walikuwa wamegoma ili kuikwamisha serikali mpya. Lakini ukali wa shutuma hiyo uliendelea kukua baada ya chanzo chake kuisha. Mwaka 1928 wahandisi wa migodi ya Shakhty walifikishwa mahakamani kwa madai ya kuharibu migodi kwa makusudi, na katika miaka ya 1930 mashine ikiharibika au lengo la uzalishaji lisipofikiwa, ilikuwa rahisi kumtafuta mharibifu kuliko kuutafuta ubovu wa mpango. Wengi walioangamia kwa shutuma hizo walisafishwa majina yao baadaye, wakiwa wamekwisha kufa.

Kwa makaburu wa Afrika Kusini neno lilikuwa kamba ya kunyongea. Tarehe 16 Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe ilianza mashambulizi yake dhidi ya mitambo na majengo ya serikali. Mwaka 1962 makaburu wakapitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Sabotage, yenye adhabu isiyopungua kifungo cha miaka 5 na iliyoweza kufika kifo. Sheria hiyo ilipanuliwa mno, hata kuingia mahali bila ruhusa kuliweza kuhesabiwa sabotage. Aprili 1964, katika kesi ya Rivonia, Nelson Mandela hakukana kwamba alipanga hujuma. Aliieleza mahakama kwamba njia hiyo ilichaguliwa kati ya njia kadhaa za mapambano kwa sababu haikukusudia kuua watu. Hivyo alilichukua neno kutoka mdomoni mwa mwendesha mashitaka na kulirudishia hoja yake. Tarehe 12 Juni 1964 yeye na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha.

Historia hiyo ina ukurasa mmoja zaidi unaomhusu kila mtendaji. Januari 1944 idara ya ujasusi ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwafundisha raia wa nchi zilizotekwa na Wanazi jinsi ya kuhujumu bila baruti. Mbali na kutia mchanga katika mitambo, mwongozo huo ulishauri mambo haya: peleka kila jambo kwenye kamati, na kamati iwe kubwa, isipungue watu watano, bishana juu ya maneno ya muhtasari, rudia kujadili yaliyokwisha kuamuliwa, fanya mikutano wakati kuna kazi ya haraka. Msomaji na aisome orodha hiyo mara mbili. Walioiandika walikuwa wakitafuta njia ya kuiangusha dola ya adui.

Hujuma katika Kiswahili chetu

Neno letu "hujuma" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni shambulio. Halina kiatu ndani yake, wala kazi mbovu. Tulipolichagua kutafsiri "sabotage" tulichagua upande wa uadui, na kwa hiyo mambo ambayo Wafaransa waliyaweka katika kapu moja sisi tunayatenga. Mfanyakazi anayepunguza kasi kudai haki anafanya mgomo baridi. Anayekwepa jukumu anatega kazi. Asiyejali ni mzembe. Anayeficha sukari ili bei ipande ni mlanguzi. Mhujumu ni yule anayeshambulia.

Tendo lenyewe tulikuwa nalo kabla ya neno kutufikia. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na kitendo hicho kikawa tangazo la Vita vya Maji Maji. Msumbiji, chini ya Wareno, wakulima walizipika mbegu za pamba kabla ya kuzipanda, ili ardhi ionekane kuwa imeikataa pamba. Mkoloni aliwaona hao kuwa wahalifu na wavivu. Sisi tunawaita mashujaa, na hatukosei.

Kisha ukaja mwaka 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeumaliza mfuko wa taifa, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzishwa kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Neno likawa limepewa mwenyewe yule ambaye Pouget na Veblen walimnyooshea kidole: mtu mwenye ghala anayewanyima watu bidhaa ili apate faida. Huo ulikuwa ushindi wa maana, kwani dola ilikuwa imemtaja mfanyabiashara kuwa mhujumu, na si kuli wa bandarini.

Hata hivyo wavu uliotandwa ulivua papa na dagaa pamoja. Watu walitupa bidhaa vichakani kwa hofu. Sheria ya mwaka 1983 iliunda baraza maalumu, ikamnyima mshitakiwa dhamana, wakili na haki ya kukata rufani katika mahakama za kawaida. Mwaka 1984 ilifutwa na kuwekwa sheria nyingine iliyoyapeleka makosa hayo Mahakama Kuu na kuruhusu mawakili. Sheria hiyo, ikiwa imerekebishwa mara kadhaa, ndiyo iliyolifanya jina la uhujumu uchumi lidumu katika mahakama zetu hadi leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno lililoanza kama kiatu cha mkulima lilipata kuwa silaha ya kuli, kichwa cha habari cha mwajiri, kifungu cha sheria, kamba ya kaburu na utetezi wa mpigania uhuru. Katika safari hiyo yote halikuwahi kuwa neno lisilo na upande.

Kutokana na hayo kada achukue mafunzo matatu. Kwanza, kabla ya kulitamka neno hujuma aulize ni nani amezuia nini, ni nani amefaidika, na ni nani amenyimwa. Mahali ambapo hakuna aliyefaidika, mara nyingi kinachoonekana ni uzembe au mpango mbovu, na uzembe hutibiwa kwa elimu, usimamizi na nidhamu.

Pili, mfanyakazi anapopunguza kasi, kiongozi asikimbilie kuita polisi. Makuli wa Glasgow walikuwa wakisema jambo, na lililowanyamazisha lilikuwa nyongeza ya ujira.

Tatu, adui aliyetaka kuiangusha dola aliona kwamba vikao visivyo na mwisho vinatosha kama baruti. Kiongozi anayekalia faili la mkulima miezi sita hakuvunja mtambo wowote, na hakuna sheria itakayomfikisha mahakamani. Lakini mkulima anayesubiri mbegu wakati mvua zinapita anajua vizuri jina la kitendo hicho.